Nyuzi Nne Juu ya Meza

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, kisanduku cha friji ya chanjo kilionyesha nyuzi nne, na waya wake wa kupimia joto ulikuwa mezani, si ndani ya friji. Mezani, nje, hapa hapa kando ya kikombe cha chai cha Usumani, na kidole cha Ihirwe kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma, hakijashuka, maana nyuzi nne ni za chanjo, si za chumba, chumba hiki cha Masoro chini ya bati saa hizi kina ishirini na kitu, yeye mwenyewe kavua sweta, basi hiyo nne inatoka wapi... labda waya bado una baridi ya friji, umetolewa lini, nani kautoa, "Ihirwe, tuma basi, watu wa vituo vya afya wananingoja," sauti ya Rodney, bosi wake, simu sikioni, nusu anaongea naye na nusu anaongea na hao watu, yego, ndiyo, dakika mbili tu, friji mia na arobaini, kila moja na kisanduku chake, kila kisanduku kinangoja mfumo mpya, msimbo ule ule alioupanga upya Ihirwe, wiki tatu, faili mia mbili na kumi na mbili, na Rodney kasema mbele ya wote kwamba sasa msimbo umekuwa safi kama Nyarutarama kwa matajiri, zamani ulikuwa Kinyinya, kila mtu anajenga anapotaka, wakacheka, yeye pia akacheka, ingawa Kinyinya ndiko mzee Munyakazi anakojenga kweli, Munyakazi aliyeuandika msimbo huo miaka sita peke yake kisha akastaafu, na siku ya kumuaga, Fanta mkononi, akamwambia Ihirwe, ukikwama nipigie mwanangu, niko juu ya tofali tu, akajibu asante mzee, na moyoni akasema sitakwama. Nne. "Usumani, huu waya umeutoa wewe?" na Usumani, fundi wa friji, hata hageuki, "Ni mimi dada, nilikuwa natafuta pa kuchajia simu, nikachomoa kidogo plagi ya kisanduku, waya ukanifuata, nikarudisha plagi, si iko inafanya? Nne. Unataka nini tena, tano?" Alichomoa. Lini alichomoa, "Saa ngapi?" "Aa sha, kwani mimi ni polisi? Nusu saa, robo saa," na robo saa inatosha waya kupata joto, au haitoshi, mtengenezaji wa waya alisema unachukua sekunde ngapi, kumi, alisema kumi au sitini... lakini wiki nzima amejaribu, kila siku nne, kila siku ameandika imepita, imepita, imepita, na waya ulikuwa ndani ya friji, na friji ilikuwa nyuzi nne kweli, kwa hiyo nne ilikuwa kweli, au ilikuwa nne tu na friji nayo ikawa nne, mtu angejuaje, na kila mara alikiwasha kisanduku upya kwa amri, kutoka kwenye kiti chake, hakuna siku hata moja alichomoa plagi ukutani, kwa nini achomoe, nani huchomoa... "Hapana, hakuna tatizo, ni msichana wetu anaangalia mara ya mwisho," Rodney kwenye simu, msichana wetu, ana miaka thelathini na mmoja. Aligusa nini kwenye msimbo wa joto? Hakugusa kitu. Hilo ana hakika nalo, alihamisha tu, viendeshi vyote vilikuwa vimerundikwa kwenye folda moja, vile vipande vya msimbo ndani ya kiini cha mfumo, kila kimoja kinajua kuongea na kifaa kimoja, hiki na kipimajoto, hiki na mlango, hiki na kengele, yeye akakipa kila kimoja folda yake, ndani ya faili la joto hakubadilisha hata herufi, ila maelezo, aliondoa maelezo ya mzee, mistari sitini na mmoja ya Kinyarwanda na Kiswahili, kwa amri moja, kwa sababu Rodney alitaka maelezo yote yawe ya Kiingereza, na maelezo si msimbo, mashine haiyasomi... aliyasoma yeye? Alisoma kama kumi, ule wa kengele aliwasomea wenzake, nesi Nyirahabimana akipiga simu tena mwambieni kengele ililia kweli na friji ilikuwa wazi, walicheka mpaka Rodney akatoka ofisini kwake, na mwingine ulikuwa juu ya orodha, orodha ya viendeshi, ulianza na usi, usiguse, usisahau, usi nini, aliupita haraka kwa sababu orodha yenyewe ilimuudhi, haikuwa na mpango wowote, umeme, saa, joto, mlango, kengele, nani anapanga vitu hivyo, akaipanga kwa alfabeti, joto, kengele, mlango, saa, umeme, akahisi raha ya mtu aliyekunja nguo... joto kwanza. Umeme mwisho. Ngoja. Anauchukua waya kwa mkono wa kushoto, anaufumba kiganjani, moja, mbili, tatu, kiganja kina thelathini na kitu, skrini inasema nne, anahesabu mpaka thelathini, nne, labda mkono wake ni baridi, mama yake huko Karagwe alikuwa akimwambia hivyo, mikono yako baridi kama samaki, hamsini, sitini, nne, kama plagi ikirudi viendeshi vinaamka kwa kufuata orodha, joto linaamka kabla ya umeme, linauliza waya, waya bado hauna umeme wa kujibu, linabaki na namba ya kuanzia, na mzee aliweka namba ya kuanzia ngapi, aliweka nne, ili skrini isikae tupu manesi wakaogopa, aliliona hilo, alilisoma kwa macho yake, lakini anachanganya, labda ni skrini, labda ni waya umekatika Usumani alipouvuta, huko vituoni umeme hukatika na kurudi, unakatika jioni unarudi asubuhi, chanjo inakaa kwenye joto, na kisanduku kinaamka kinasema nne, kengele inanyamaza, nesi anaangalia, nne, sawa, anamwita mama aliyeleta mtoto... "Ihirwe! Tuma!" "Boss, dakika moja." "Nyuzi nne kamili, mimi nimeiona kutoka hapa, unangoja nini?" Namba ya Munyakazi ipo kwenye simu, simu ipo mfukoni, mkono wa kulia upo juu ya kitufe, wa kushoto unafunguka, waya unaanguka ndani ya kikombe, "Wee dada, chai yangu hiyo!" "Nisamehe kaka, usiinywe," na Usumani sasa ameinuka, anaangalia kikombe, anaangalia skrini, anaangalia kikombe tena, hacheki.

Saa nne na dakika kumi na saba, chai ilikuwa bado inatoa mvuke, waya ulikuwa ndani yake, kitufe kilikuwa hakijabonyezwa, na kisanduku kilionyesha nyuzi nne.