Sauti Zenye Wenyewe

Watoto wa darasa la tatu ndio waliomwambukiza mwalimu wao matubwitubwi. Walianza wawili, wakafika tisa, mashavu yamefura kama maandazi, na mwalimu huyo, Mma Kesolofetse, yaani Mama Kesolofetse kwa Kitswana, akawa anawakanda kwa vitambaa na kuwanywesha uji. Wa kumi akawa yeye. Watoto wakapona wakarudi kucheza. Yeye naye akapona, ila sikio la kushoto likazima moja kwa moja.

Hakumlilia mtu. Alisogeza meza yake hadi ukutani, ukuta ukae upande wa sikio bovu, watoto wote wabaki upande wa lile zima, akaendelea kufundisha.

Lakini siku moja mtoto alimwita kutoka mlangoni, yeye akageukia dirishani, darasa likaangua kicheko. Mwalimu mkuu, Rre Mosweu, yaani Bwana Mosweu, alikuwa anapita. Kesho yake akamwita ofisini.

"Mma, kwenye stoo ya vitabu kuna kazi nzuri. Kivuli, kimya, hakuna anayekusumbua."

"Miaka ishirini na sita nimekula vumbi la chaki, leo nikalinde panya?"

"Basi kapimwe. Wakisema unajua sauti inatoka wapi, darasa ni lako. Wakisema hujui, ufunguo wa stoo ndio huu."

Akapanda basi toka kwao Mochudi mpaka Gaborone, mji mkuu wa Botswana. Hospitalini wakamweka kwenye chumba kilichovikwa sponji hadi darini, mbele yake spika kumi na tatu zimepangwa nusu duara, kila moja na namba yake. Mpimaji, kijana mpole aitwaye Tshiamo, akamwekea kijiti cha kuegemeza kidevu.

"Usigeuze kichwa, Mma. Ukisikia sauti, taja namba."

Shhh! Kama maji yaliyodondokea mafuta ya moto. Kwake yeye kila shhh ilitoka kulia. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na mbili tena. Mara arobaini alijaribu, akapata tano.

"Huyu anayesema shhh ni nani?" akauliza.

"Si mtu, Mma. Ni mashine."

"Ndiyo maana simjui. Halafu umenibana kichwa kama ng'ombe anayekamuliwa. Mimi, mwanangu, naishi na shingo."

Tshiamo akacheka, akaondoa kile kijiti, akairefusha sauti, wakarudia. Safari hii aligeuza kichwa huku na huku, kama kuku anayetafuta punje, akapata ishirini na mbili. Kijana akaandika matokeo yote mawili, moja juu, moja chini.

Rre Mosweu akasoma la juu tu.

"Tano kati ya arobaini!"

"Teremka mstari wa pili."

"Nimesoma ya kutosha. Sikio la kufa, Mma, halisikii dawa."

"Limekufa moja, Rre. Usinizikie na la pili. Njoo unipime darasani kwangu, kwa sauti zenye wenyewe."

Jumatatu asubuhi akaja, ufunguo unaning'inia kidoleni. Akamwelekeza mwalimu auangalie ubao, akampa rula. Kila mtoto atakayeguswa ataita, naye mwalimu amtaje na kunyoosha rula alipo. Kisha, kidole mdomoni, akawahamisha watoto viti, viatu mkononi, kimyakimya.

"Mwalimu!"

"Gofaone," akasema, rula ikaelekea dirishani. Gofaone alikuwa mlangoni.

"Mwalimu!"

"Otsile. Nyuma kabisa." Otsile alikuwa mbele.

Waliita sita. Majina sita akayapata, mahali sita akakosa.

"Umeona?" Rre Mosweu akachekelea. "Yaleyale ya hospitali!"

Mma Kesolofetse akageuka, akaona watoto wamekaa ovyo kama mizigo iliyomwagika, hakuna aliye kwenye kiti chake. Gofaone machozi yakimlengalenga. "Mwalimu, yeye ndiye katuhamisha!"

"Ala! Kumbe." Akamnyooshea mkuu wake ile rula. "Shika. Geukia ubao wewe, mwenye masikio mawili."

"Mimi?"

"Unaogopa darasa la tatu?"

Watoto wakaziba midomo. Rre Mosweu akageuka, naye Mma Kesolofetse akamgusa mtoto aliyekaa mlangoni.

"Mwalimu mkuu!"

"Mlangoni!" Rula imenyooka barabara.

"Nani?"

Rula ikashuka kidogo.

"Ni... mtoto."

Darasa likapasuka kwa kicheko, wengine wakapiga madawati. Katikati ya kicheko hicho Mma Kesolofetse akainua mkono. Wakanyamaza. Akageuza shingo huku, akageuza kule, akarudi huku, akasimama.

"Kelebonye. Kifua kimeanza. Toa pampu yako ya pumu kwenye begi, mama, vuta taratibu."

Nyuma ya mgongo wa Otsile, kwenye kiti kisicho chake, msichana mdogo alikuwa anapumua kama mlango usiotiwa mafuta. Rre Mosweu alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Hakusikia kitu.

Mtoto akavuta, mara moja, mara mbili. Mabega yakashuka.

"Wewe umejua mlango uko wapi," Mma Kesolofetse akasema, mkono wake mgongoni mwa mtoto. "Hongera. Mimi sikuajiriwa kujua milango."

Rre Mosweu akautazama ufunguo kidoleni kama kitu alichookota njiani. "Ijumaa nitakuja kukagua tena," akasema.

"Karibu. Ukifika bisha kwa nguvu, nami nitageuza shingo. Na huo ufunguo wapelekee panya wako."

Akangoja mlango ufungwe. Kisha akachukua chaki.

"Haya, kila mtu kwenye kiti chake. Na viatu vivaliwe, hapa si msikitini."