Kifungo Asiachwe Peke Yake

Kila asubuhi, chai ikiwa bado inafuka moshi, fundi cherehani mstaafu alimweka Kifungo mapajani na kumfuta machozi kwa pamba iliyochovywa kwenye maji ya uvuguvugu. Kifungo alikuwa mbwa wa mapajani, mweupe, mwenye manyoya marefu na macho makubwa yasiyokauka. Aliletwa na binti wa fundi miaka miwili nyuma, pamoja na karatasi ya maelekezo: achanwe kila siku, masikio yakaguliwe, asikae juani, asipewe mifupa ya kuku, asiachwe peke yake. Binti akambusu mama yake shavuni, akasema, "Haya, sasa una mwenzio," na tangu hapo akawa mtu wa simu tu.

Tabia za Kifungo zilikuwa za mtu aliyezoea kuhudumiwa. Wageni aliwabwekea kwa ukali, kisha akawalalia miguuni. Akiitwa, alifikiria kwanza. Alikoroma kuliko marehemu mume wa fundi, na hilo mama alilipenda, maana nyumba ilikuwa kimya mno.

Siku moja mama alikwenda zahanati kwa ajili ya goti, foleni ikamweka hadi alasiri. Aliporudi alimkuta Kifungo kalala ndani ya kikombe cha chai, mzima wa afya, manyoya safi, ila mdogo kama yai. Akachukua futi yake ya kupimia. Inchi mbili na robo, pua hadi mkia. Akaandika kwenye daftari la vipimo, akamweka kiganjani, akawa anamsemesha. Jua lilipozama Kifungo alikuwa amerudi kimo chake na anadai chakula.

Daktari wa mifugo, mtu wa ng'ombe, alimsikiliza moyo. "Hana ugonjwa. Aina hii ikiachwa peke yake hupungua. Kwani karatasi hamkusoma?"

Mama akawapigia simu wanawe. Jamani, walivyokuja! Binti, ambaye ni mwalimu, aliliacha darasa lake. Kaka yake, kinyozi, alimwacha mteja na nusu kichwa. Saa moja haikuisha wote wako sebuleni, viatu vyao mlangoni, jambo ambalo mama hakuliona tangu walipomzika baba yao. Alifurahi. Akatoa kitambaa kizuri cha meza.

"Wewe una kliniki zako, Mama," binti alisema, akitoa rula kwenye mkoba. "Tusibahatishe. Tutamlea kwa zamu." Akachora ratiba. Jumatatu hadi Jumatano, Kifungo kwake. Alhamisi na Ijumaa, kwa kinyozi, ambako watu hawakosekani. Mwisho wa wiki, kwa mama.

"Na mimi je?"

"Wewe pumzika, Mama. Umehangaika vya kutosha."

Wakaondoka naye, wamemfunika leso asipigwe na jua.

Jumatano saa ya mkononi ilimvuka mama ikaanguka. Alhamisi alihitaji kigoda ili afikie komeo. Ijumaa alijipima, kama alivyopima watu miaka arobaini: futi nne kasoro inchi. Akaandika chini ya vipimo vya Kifungo, akapunguza gauni lake. Hiyo haikumpa shida, nusu ya mtaa alishawapunguzia nguo. Kilichomuumiza ni kile kimya. Alilia kidogo, akajifuta kwa pamba ya Kifungo, kisha akampigia simu kinyozi.

"Mwanangu, nimepungua."

"Kula, Mama. Ndiyo umri huo. Hebu nikusikilizishe Kifungo anavyokoroma."

Akasikilizishwa. Kwa kweli alikuwa anakoroma vizuri.

Mwisho wa wiki, wakiwa pamoja, mama alirudisha inchi mbili tatu. Jumatatu ziliondoka na nyingine juu yake. Kufikia mwezi wa tatu wa zamu hakuwa tena na mapaja ya kumpakata mtu. Kila mwisho wa wiki alilala ubavuni mwa Kifungo mchana kutwa, pazia likipumua dirishani, tumbo la mbwa likimpandisha na kumshusha, na manyoya yakinukia spiriti ya kinyozi. Jirani aliyekuja kuazima pasi alimwamkia shikamoo, akaangalia asimkanyage.

Jumapili moja jioni wanawe walikuja wote wawili kumchukua Kifungo. Mama alikuwa mezani, amekaa juu ya kigurudumu cha uzi mweusi.

"Umemtunza vizuri, Mama," binti alisema, akiinama ili wasikilizane.

"Kaeni basi kidogo. Hata dakika kumi."

"Tungekaa, Mama, lakini huyu akichelewa kulala macho yanamvuja."

Kinyozi akamfuta Kifungo jicho moja, kisha la pili, akampuliza puani kwa upendo. Binti akatia alama kwenye ratiba. Ni watoto waangalifu, hilo hakuna wa kulibisha. Kabla ya kutoka walifunga dirisha, na mlango wakaurudishia taratibu kabisa, upepo usije ukampeperusha mama yao.