Vipimo vya Jana

Mamangu yuko Maskati mwaka wa tatu huu, alea watoto wa watu. Mwezi wa Rajabu alinitumia kitambaa cheupe, akaniambia, "Shona kanzu ya Idi, unitumie picha umesimama. Mimi kwenye simu naona kichwa chako tu, nimechoka na kichwa."

Basi n'kaenda Mji wa Kale kwa Ami Muhdhar, fundi aliyekuwa akimshonea marehemu babangu. Shule n'shamaliza, kazi sina, chumba cha Tudor nalala peke yangu. Siku nyengine magharibi yaingia sijasema na mtu, ila "nishushe hapo" kwa wa tuktuk.

Ami alipitisha utepe mgongoni, akasita.

"Hamid, umeangusha nini chini?"

"Sijaangusha kitu, ami."

"Mbona wajikunja kama ndoana? Nikikata hivi, kanzu mbele itafagia njia, nyuma itaonyesha visigino. Kitambaa cha mamako sikiharibu. Uje kesho baada ya laasiri."

N'lidhani kusimama wima ni kutoa kifua. N'katoa. Ami akacheka mpaka akashika meza.

"Hicho ni kiburi, si mgongo!"

Yeye mwenyewe cherehani ilimkunja miaka thelathini, mpaka bibi mmoja wa mazoezi, Naomi, akamfunza upya kukaa na kuinuka. Sasa akanifunza mimi. Kifaa ni kiti kimoja tu cha mbao. Nakaa, naye aniweka vidole viwili nyuma ya shingo.

"Shingo iache. Usiivute. Ukitaka kuinuka, usiinuke kwanza. Ngoja ile haraka ipite, ndipo uinuke."

Hapo kwenye kungoja ndipo pagumu. Mimi hata chai nainywa natembea. Wiki mbili kila nikiinuka ni kama nimeumwa na siafu.

"Nani akufukuza?" Ami auliza. "Kaa tena."

Halafu siku moja n'kajikuta nimesimama, sijui nimeinukaje. Mwili mwepesi. Juu ya kabati n'kaona kofia zilizojaa vumbi, na kila siku n'likuwa hapo chini yake.

"Umeziona leo?" Ami akasema. Akaendelea kunizungukazunguka, akinong'ona nambari, mimi natazama kofia.

Lakini niseme kweli. Vile vidole viwili. Tangu mamangu aende hakuna mtu aliyenigusa, ila kinyozi. N'kawa natoka Tudor saa nane, na laasiri bado.

Kesho yake baada ya zile kofia, nayo Ramadhani imefika katikati, Ami akaniambia, "Leo nakata. Jumatatu uje uchukue."

N'kaona mambo yenyewe. Kanzu ikiisha, laasiri nitaenda wapi? Nikasimama mbele ya kioo, n'kayaachia mabega yakaanguka, makusudi. Ndoana ileile.

Ami akanitazama kwenye kioo.

"Jana ulikuwa mrefu kuliko hivi."

"Labda saumu, ami."

"Saumu yakunja mgongo?" Akachukua mkasi. "Vipimo nilichukua jana, ulipokuwa watazama kofia."

Akakata. 

"Sasa nikija Jumanne? Kwa kiti tu?"

"Jumanne nasafiri Malindi kwa wanangu. Sirudi mpaka Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, ukatike, in shaa Allah."

Siku ya Idi niliivaa. Nikijikunja, yafagia njia. Nikijiacha, yakaa sawasawa. N'kaegemeza simu dirishani inipige picha yenyewe, n'kamtumia mamangu. Akapiga papo hapo, yualia.

"Umekuwa mtu mzima! Nani kakupiga picha?"

"Rafiki," n'kasema.

Baada ya hapo n'kashuka Mji wa Kale. Duka limefungwa, n'lijua. N'kaketi kwenye baraza yake. Watu wapita, wamevaa vizuri, wana watoto mkononi. "Idi mubarak!" Naitikia. Shingo n'kaiacha. N'lipotaka kuinuka, sikuinuka. N'kangoja ile haraka ipite.