Mabati Kumi na Manne ya Marehemu

Barua ililetwa na askari wa chifu, na barua ya namna hiyo haifunguliwi kwa mkono mkavu. Nilikuwa Dunga ufuoni, natoa ngege magamba. Niliisoma mara tatu. Darasa la sita nililosomea kwa masista lilinitosha kuelewa mambo mawili: Kamati ya Fedha ya Baraza la Jimbo inaniita Kisumu mjini siku ya Alhamisi, na nisipokwenda, sheria itanifuata nyumbani.

"Wanakuitia nini, nyar Katito?" akauliza jirani yangu. Ndivyo wanavyoniita huku nilikoolewa, binti wa Katito, ingawa watoto wangu wote watano nimewazalia hapa hapa.

"Spika amechoka. Wanataka nikae kitini pake."

Wanawake wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote, huku naifunga barua ndani ya leso.

Mwaka ulikuwa 1964, mwaka wa majimbo. Tulikuwa na baraza letu wenyewe Kisumu, wazee tuliowachagua wakitunga sheria za jimbo na kuchungulia kila shilingi ya jimbo imelala wapi. Baraza hilo ndilo lililotoa pesa ili sisi kina mama wa Dunga tujengewe banda la kuuzia samaki. Kazi akapewa kontrakta Ouma kutoka Awasi, mtu wa gari na kofia. Mabati yakashushwa bomani kwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti, tena tulikuwa na mbwa mkali. Yakishuka nayahesabu. Thelathini na manne.

Mwezi wa nne shemeji yangu Opiyo akafia Nakuru, kwenye kazi ya reli. Simu ikaja kwamba maiti inafika Jumamosi kwa treni. Sasa, kwetu mwanamume mtu mzima hazikwi akitokea nyumba ya kaka yake. Lazima awe na nyumba yake mwenyewe, hata ya kulala usiku mmoja. Na Opiyo hakuwa nayo. Kila mwaka alisema atajenga mwaka ujao. Miti ilipatikana, udongo ulipatikana, lakini nyasi za kuezekea hazikuwepo, masika yalikuwa yameziozesha. Mama mkwe wangu akaenda kuketi mbele ya yale mabati. Hakuniomba kitu. Alikaa tu akiyatazama na kulia, na hiyo ndiyo njia ya mama mkwe ya kuomba.

"Chukueni kumi na manne," nikasema. "Jumatatu yanarudi."

Jumatatu nikashika nyundo. Wazee wa boma wakaniuliza kama nimerukwa na akili. Nyumba ya marehemu haiezuliwi! Inaachwa mpaka ianguke yenyewe. Ukiiezua umeita chira, ile laana inayowakausha watoto mmoja mmoja mpaka wabaki macho tu. Nyumba ya nyasi ingeanguka baada ya mvua mbili tatu. Lakini mimi, kwa akili zangu, nilikuwa nimemwezekea marehemu mabati mazito ya serikali. Yale yangenizika mimi na wajukuu wangu.

Ouma alipokuja kujenga akakuta mabati ishirini. Akazunguka boma, akaiona nyumba ya Opiyo inavyong'aa, akacheka mpaka akavua kofia.

"Mama, serikali ikijua haya, unalala Kodiaga."

Kodiaga ndilo gereza letu. Kisha akatoa karatasi mfukoni. Iliandikwa kwamba nimepokea mabati sitini.

"Sitini? Mimi nilihesabu—"

"Tia sahihi, Mama. Na mimi hiyo nyumba sijaiona."

Nikatia, jina langu lote, Beldina, kwa mwandiko ule mzuri wa masista. Nakala moja akaipeleka kwa jimbo, moja akabaki nayo.

Jumatano, siku moja kabla ya kwenda mbele ya kamati, Ouma akanifuata ufuoni.

"Kesho useme sitini yalifika, halafu arobaini yakachukuliwa na upepo wa ziwa."

"Arobaini? Na upepo huo mimi uliniacha kwa nini?"

Hakucheka. "Una watoto watano, Mama. Ukiwa Kodiaga nani atawapikia?" Akaingia kwenye gari lake. Siku ile biashara iliniharibikia. Nilikuwa nawapa watu chenji kabla hawajanilipa.

Alhamisi nikakaa kwenye benchi nje ya chumba cha kamati. Mlango ulikuwa wazi, nikawasikia wakipitia mswada wa ushuru wa samaki, kifungu kwa kifungu. Walikwama nusu saa kwenye kifungu cha nne. Mzee mmoja alitaka kujua kwa nini mama wa karai moja la dagaa wa omena alipe sawa na mwenye mashua ya ngege. Mwingine akataka neno "kila" litolewe, wakabishana, likatolewa. Watu wanaoliandama neno moja dogo namna ile, mabati arobaini watayaacha?

Nikaitwa. Wazee saba mezani. Mwenyekiti alikuwa Mzee Amolo, mwalimu mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Pembeni yuko Bwana Mureithi, mkaguzi wa hesabu, mtu wa Nyeri, faili zake zimepangwa kama matofali. Na ukutani, miguu imenyooshwa, Ouma.

Nikaapishwa kwa Biblia. Niliuacha mkono hewani mpaka Mzee Amolo akasema, "Weka tu, Mama, haichomi."

Bwana Mureithi akanionyesha ile karatasi. "Sahihi hii ni yako?"

"Ndiyo, bwana."

"Umepokea sitini. Mimi nimepanda juu ya banda lenu na ngazi, nimehesabu ishirini. Arobaini yako wapi?"

Nikamtazama Ouma. Akaigusa kofia yake polepole. Upepo ulikuwa umefika hapa, kwenye ncha ya ulimi. Na ndipo hesabu ikanijia, hesabu ya darasa la pili tu. Mimi niliiba kumi na manne. Huyu bwana alikuwa anataka nifungwe kwa arobaini, yake ishirini na sita ndani, ambayo sikuyaona hata kwa ndoto! Woga haukuniisha, jamani, msidanganyike. Uligeuka tu upande.

"Yalifika thelathini na manne," nikasema. "Kumi na manne nilichukua mimi. Yako juu ya nyumba ya shemeji yangu Opiyo. Mengine muulizeni aliyeandika sitini."

"Mwizi!" Ouma akaruka. "Amekiri mwenyewe! Mtamwamini mwizi?"

"Keti, Bwana Ouma," akasema Mzee Amolo. "Mwizi wa kuja kujishtaki simwoni kila siku."

Bwana Mureithi alikuwa ameshashika kalamu. "Rahisi. Huyo Opiyo aitwe."

"Amekufa, bwana. Nyumba tulimjengea azikwe."

"Pole. Basi naandika mabati yaondolewe leo, yarudi bandani."

Wazee saba wakaangalia meza kana kwamba wameona nyoka. Mzee Amolo akafuta miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Anayeunga mkono ainue mkono."

Hakuinuka hata kidole.

"Kuna nini?" Mureithi akauliza.

"Bwana Mureithi, kwa kuwa hoja ni yako, utapanda wewe?" akauliza Mzee Amolo.

Mureithi akatazama nyuso zile saba, kisha kalamu yake. "Mimi ni mtumishi tu, Mzee. Sina kura."

Lakini kuona lazima waone. Mchana ule ule wakanipakia kwenye Landrova mpaka Dunga, na Ouma nyuma na gari lake. Wazee wote wakabaki langoni kama waliogandishwa. Mama mkwe, kuona watu wa serikali, akadhani wamekuja kuezua. Akasimama mlangoni mwa marehemu na jembe.

"Anayetaka kuezua aanze na kichwa changu!"

"Sigusi, Mama, nahesabu tu," Mureithi akasema, mikono juu. Akaizunguka nyumba kwa mbali, jasho linamtoka, midomo inacheza. "Kumi na manne," akasema. Akaizunguka tena, na tena akapata kumi na manne.

Mzee Amolo akatoa uamuzi pale pale langoni. Malipo ya pili ya Ouma yasimamishwe, jina lake liende polisi. Mimi nivuliwe uenyekiti, nilipe kumi na manne, bati moja kila mwezi, shilingi kumi na sita. Nikashukuru mpaka wakaniomba ninyamaze. Ouma alipita karibu yangu akielekea garini.

"Baraza hili halina maisha, Mama," akasema kwa upole. "Mimi ninayo."

Na alisema kweli. Desemba mabaraza ya majimbo yakavunjwa. Nilikuwa nimelipa matano. Januari nikaenda ofisini Kisumu na shilingi zangu, nikakuta karani mgeni anakula karanga. Kamati hakuna, akasema. Mureithi amehamishwa. Faili? Akafungua kabati, vumbi likatoka peke yake.

"Nenda nyumbani, Mama. Hudaiwi."

Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Mimi nilishuka zile ngazi nimeshika ukuta. Faili ikipotea, maneno yangu na hesabu ya Mureithi vimepotea nayo. Karatasi iliyobaki duniani ni moja, ile ya sitini, yenye sahihi yangu, na iko mfukoni mwa Ouma.

Sikwenda nyumbani. Nilinunua bati dukani, nikalibeba kichwani mpaka Dunga, nikaazima ngazi. Nikawaita kina mama wote waache samaki wao, hata wale waliokuwa na wateja.

"Nyinyi ndio kamati sasa," nikawaambia kutoka juu ya banda, misumari mdomoni. "Bati la sita la deni langu. Hesabuni kwa sauti, na mkiulizwa na mtu yeyote mwenye kofia, mseme mliona."