Sauti Juu ya Taa ya Upasuaji

Jumanne saa mbili asubuhi, nesi Penina alimkabidhi daktari karatasi yenye maswali kumi na mawili, yote yametiwa alama ya vema. Hakuuliza hata moja. Mgonjwa alikuwa Faleafaga, tulafale, msemaji wa ukoo wake, na hapa Apia, Samoa, binti hamhoji msemaji habari za mwili wake. Heshima hiyo inanitia kichefuchefu.

Swali la tano lilikuwa: umewahi kupasuliwa shingoni? Alikuwa ametolewa rovu miaka tisa nyuma, na mshipa wa fahamu wa sauti upande wa kushoto ukafa kimyakimya. Wangemuuliza, wangemchungulia koo kwanza, kisha wangepitia huohuo upande wa kushoto kuufikia uti wa shingo. Walipitia kulia, wakauua na mshipa uliobaki mzima.

Mkono uliokuwa na ganzi, uliomleta hospitali, ukapona. Faleafaga akaamka na mrija kooni, hana sauti.

Sauti ilibaki katika chumba cha upasuaji, juu ya taa. Mgonjwa aliyefuata, mama aliyevunjika mguu, ilimuuliza kwa lugha ya barazani: "Mheshimiwa, umewahi kupasuliwa?" Mfagiaji aliifuta taa kwa uangalifu asiisumbue.

Mkewe, Sinapati, alikuja na kikapu kuichukua.

"Baba Lagi, shuka twende. Jumamosi kwenye baraza la ukoo usiposema wewe, ndugu yako Tuilepa atasema kwa niaba yetu, na ukoo hautakurudishia nafasi."

"Siwezi. Hapa hakuna mwingine anayeuliza."

"Watu wa watu unawauliza! Mimi mkeo hata habari hujaniuliza."

"Habari, mama Lagi."

"Mbaya," akasema Sinapati, akaondoka na kikapu kitupu.

Jumamosi Faleafaga alisimama na fimbo yake mbele ya watu. Akafungua mdomo, hewa ikapiga mluzi kwenye mrija. Wakasubiri kwa adabu. Kisha Tuilepa akasema badala yake, akasema vizuri, na nafasi ikawa yake. Faleafaga alilia mbele ya watoto wake.

Hospitali iliandika kwamba upasuaji ulifanikiwa. Halafu ikaamua kuwa, kwa vile sauti inauliza, karatasi haina kazi tena.

Mgonjwa wa kwanza wa Jumatatu alikuwa mwalimu mwenye maumivu ya shingo. Sauti ikamuuliza swali la tano, la kupasuliwa shingoni.

"Ndiyo," akajibu. "Mara mbili."

"Usiongee," akaambiwa na mtu wa dawa ya usingizi. "Vuta pumzi."