Kaburi la Mkunga Parthenia

Mahakama ya Kaunti ya Maddry, huku Alabama, iliungua mwaka 1911, na kila karatasi yenye jina la mtu mweusi ikaungua nayo. Za wazungu ziliungua pia, ila wao walikuwa na Biblia za ukoo, picha za ukutani na mawe ya kaburi yaliyochongwa, kwa hiyo hawakukosa pa kuanzia. Sisi tulikuwa na shangazi yangu Ludie, mwenye miaka tisini na moja na macho yaliyokwisha pofuka.

Kaunti ilipokaribia kutimiza miaka mia na hamsini, kamati ikatoa kitabu cha watu mashuhuri wa kwetu. Niliazima nakala posta, nikaisoma yote. Majaji wanne, kanali mmoja, kijana aliyewahi kurusha mpira wa besiboli kwenye timu za kulipwa huko kaskazini, na nyumbu aliyeshinda maonyesho ya Alabama miaka mitatu mfululizo. Nyumbu alipewa ukurasa mzima na picha yake. Mtu mweusi hata mmoja hakuwemo. Nilicheka, halafu nikakasirika, na hasira ile ndiyo iliyoniponza.

Niliwaandikia barua kuhusu Parthenia Gaines, mama yake Shangazi Ludie. Alikuwa mkunga kwa miaka arobaini na miwili, akienda kwa miguu hadi ng'ambo ya mto, mvua isimzuie. Weusi na wazungu, wote waliingia duniani kupitia mikono yake. Mwenyekiti wa kamati, Bi Culpepper, alinijibu kwa mkono wake mwenyewe. Alisema hata yeye alipokewa na Parthenia, na mama yake hakuacha kulisimulia hilo. Wangemwandikia ukurasa kwenye toleo la pili na kumsimamishia bango la chuma barabarani. Ila kamati ina kanuni yake: ama karatasi, ama kaburi. Karatasi hatukuwa nayo. Wakakubaliana waje Jumamosi saa nne asubuhi kulitazama kaburi.

Nilipompelekea Shangazi habari hizo, aliacha kumenya maharage akashika mkono wangu. Akasema alikuwa ameshakata tamaa kwamba mtu yeyote angeuliza. Akaniagiza nimpigie pasi gauni lake la kanisani, lile la zambarau, na nimletee kofia.

Makaburi yetu yako nyuma ya mahali lilipokuwa Kanisa la Pisga, kabla halijahamia barabara kuu. Mawe hayapo, hatukuwa na uwezo nayo. Kwetu sisi, mtu akizikwa, juu yake huwekwa vitu alivyovigusa mwisho: kikombe, taa, chupa ya dawa, saa iliyosimamishwa. Vyote hutobolewa au kuvunjwa, ili kifo kikatike hapo kisiwafuate waliobaki nyumbani. Kichwani hupandwa mmea ule wa majani makali, jamaa ya mkonge. Juu ya Parthenia palikuwa na beseni jeupe alilooshea watoto wachanga, limepinduliwa kifudifudi, na tundu katikati. Shangazi alikuwa hahitaji macho. Ukimfikisha kwenye mti wa mwerezi uliosimama ukingoni, alishika njia mwenyewe, fimbo ikigonga huku na huku, mpaka isikike ikilia juu ya beseni. Pembeni ya beseni, upande wa kushoto, palikuwa pameachwa wazi kwa ajili ya kaburi la Shangazi mwenyewe.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nimezaliwa nayo, ni shemasi wa kanisa hilohilo, na nina miaka hamsini na minane. Msiseme sikujua.

Alhamisi nilikwenda kutazama kama gari litapita. Nikasimama pale, na badala ya kutazama kwa macho yangu nikatazama kwa macho ya Bi Culpepper. Nikaona vikombe vilivyovunjika, chupa, taa zenye kutu, magugu. Nikaona viatu vyake vya kisigino vikikwepa vigae. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto. Watasema tunazika watu wetu jalalani, nikawaza, na watalisema kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi.

Nikamwita binamu yangu Otha aje na trekta.

"Na hivi vitu?" akauliza.

"Toa."

"Vyote? Hosea, Shangazi anajua?"

"Shangazi anakuja kuonyesha kaburi, Otha. Haji kukagua vikombe."

Otha alikuna shingo, akapanda trekta. Ni mtu wa kunisikiliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Vitu nilivipakia mwenyewe kwenye pikapu, na beseni nililinyanyua kwa mikono hii. Nilijiambia kaburi ni la tatu kutoka kwenye mwerezi, nani atasahau la tatu? Kumbe vitu vile ndivyo vilivyofanya pawe na la kwanza, la pili na la tatu. Otha aling'oa mimea na kusawazisha. Nilipotoka kuvitupa dampo, uwanja ulikuwa umenyooka, unapendeza, na nikampongeza.

Jumamosi Bi Culpepper alikuja na mabibi wawili wa kamati na mpiga picha. Alileta keki. Alisifu usafi wa mahali, akasema ametembelea makaburi mengi ya weusi na hajaona yaliyotunzwa hivi. Nilishukuru. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Shangazi akashuka garini na kofia yake. Nikamfikisha kwenye mwerezi. Akauachia mkono wangu, akatembea. Fimbo ikagonga udongo. Akaenda kushoto, akarudi, akaenda tena. Mpiga picha alikuwa amekwisha inua kamera, akaishusha.

Nikamfuata. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Beseni la mama liko wapi?"

"Nimelitoa, Shangazi. Nilitaka pawe pasafi."

"Na kikombe cha kaka yangu Eulis? Na saa ya mchungaji?"

"Vyote. Viko dampo. Nakimbia kuvileta sasa hivi."

"Utavileta. Utaviweka wapi?"

Nilitazama udongo ule laini, mzuri, kila upande sawasawa, nikajaribu kukumbuka nilipoinama Alhamisi. Ningeweza kuwa nimeinama popote.

Bi Culpepper akasogea, akauliza kama kuna tatizo. Akasema kwa wema kabisa kwamba si lazima pawe penyewe hasa, tuonyeshe tu pa karibu, maana bango lenyewe litakaa barabarani. Shangazi akatikisa kichwa. Alisema hawezi kumlaza mama yake juu ya mtu mwingine, na huyo mwingine naye ana watu wake. Kisha akanivuta sikio likafika mdomoni kwake.

"Waambie nimesahau."

"Shangazi, hapana."

"Mimi ni kikongwe, mwanangu. Kikongwe akisahau hakuna anayemcheka. Wewe bado unaishi nao hawa. Sema."

Mwanamke huyu, ukimtajia nyumba yoyote ya kaunti hii, alikuwa anakuambia nani alizaliwa humo, saa ngapi, na kama alilia mara moja au alipigwa makofi kwanza. Nikageuka, nikawaambia wageni kwamba shangazi yangu amesahau. Akawatazama kwa macho yake yasiyoona, akacheka kijinga, akauliza kama leo ni Jumapili.

Bi Culpepper alimpapasa mkono. Machozi yalimlengalenga, nami naamini yalikuwa ya kweli. Aliandika kwenye daftari lake, akilitamka polepole neno kwa neno ili mabibi wenzake wanukuu vilevile: familia haikumbuki mahali. Walituachia keki, wakaondoka.

Nilimpandisha Shangazi garini, nikamfunga mkanda. Tulikwenda maili nzima. Halafu akavua kofia, akaiweka mapajani.

"Basi mimi mtanizika popote," akasema.