Wino Umekwisha

Kila asubuhi wakili alifungua maktaba ya sheria kabla hajafungua dirisha. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vioo, na maktaba hiyo haikuwa na rafu wala vumbi. Ilikuwa mtandaoni, ndani ya kompyuta kuukuu iliyokoroma kila ilipowashwa. Humo mlikuwa na sheria zote za nchi, vitabu vya maprofesa walio hai na waliokwisha kwenda zao, na hukumu za mahakama tangu enzi za mababu. Unaandika neno, unabonyeza, zinamwagika. Zamani mawakili walilalamika kwamba vitabu havipatikani. Siku hizi wanalalamika kwamba haviishi. Binadamu hana jema.

Wakili alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani ya kusomea na maumivu ya shingo yaliyokuja pamoja na miwani hiyo. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa jana, ule unaoondoka ukilala. Huu ulikuwa umehamia mwilini mwake na kupanga vyombo. Alisoma hukumu akiwa amechoka, akala akiwa amechoka, na akicheka, alicheka nusu.

Mwenye ofisi alikuwa mzee mmoja ambaye watu walimwita Mzee Karatasi, nyuma ya mgongo wake na wakati mwingine mbele ya uso wake. Mzee Karatasi hakusoma chochote kwenye skrini. "Sheria usiyoweza kuipigia mstari kwa kalamu," alipenda kusema, "si sheria, ni sinema." Kwa hiyo kila hukumu iliyotafutwa katika maktaba ile ya mtandaoni ilichapwa kwanza kwenye printa, ndipo ikasomwa. Ndiyo ilikuwa desturi ya ofisi, na wakili, baada ya miaka mingi, naye akazoea kusoma akiwa na kalamu mkononi.

Tatizo lilikuwa bendera. Maktaba iliweka kibendera kidogo juu ya kila hukumu. Kijani maana yake hukumu bado ina nguvu, unaweza kuitegemea. Nyekundu maana yake imetenguliwa na mahakama ya juu, imekufa, usiiguse. Sasa wino wa rangi wa printa ulikuwa umekwisha zamani, na Mzee Karatasi alikataa kununua mwingine. "Herufi ni nyeusi," alisema. "Rangi ya nini, tunachora katuni?" Basi kwenye karatasi zao bendera zote zilitoka kijivu, ya uzima na ya umauti, huwezi kuzitofautisha. Walikubaliana kwamba kila mtu atazame bendera kwenye skrini kabla ya kuchapa. Ilikuwa kanuni nzuri, ila ilimtaka mtu asiyechoka.

Kisha akaja bibi mmoja. Alipanda ngazi akihema, akakaa, akavua kiatu cha mguu wa kushoto kwa sababu mguu ulikuwa umevimba, ndipo akasalimia. Binti yake alifariki akamwachia mtoto mchanga. Baba wa mtoto alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi mbali, na miaka ikapita bila kuonekana uso wake. Bibi akalea. Sasa baba amerudi na mke, na nyumba yenye geti, anamtaka binti yake.

"Mwanangu, mimi sitaki kitu," bibi alisema. "Namtaka mtoto wangu tu."

"Mjukuu," wakili alisema huku akiandika.

"Mjukuu ni kwenu huko kwenye makaratasi. Mimi nimemtoa meno ya utoto kwa mkono huu."

Wakili alimpenda pale pale, na kwa wakili hilo ni kosa la kwanza.

Kosa la pili alilifanya siku iliyofuata. Aliandika maneno yake katika maktaba, bibi, baba, malezi, mtoto, na orodha ndefu ikatokea. Macho yalimwasha. Hakuzifungua hukumu moja moja. Aliziwekea alama zile zilizoelekea kufaa, akazituma zote kwa printa, akaenda kujinyoosha dirishani. Katika zile karatasi mlikuwa na hukumu moja kama iliyoandikwa kwa ajili yake: bibi aliyelea, baba aliyerudi, jaji akampa bibi mtoto kwa maneno matamu mpaka unataka kuyaimba. Wakili aliipigia mistari. Mzee Karatasi naye akaipigia yake, akasema, "Hii inatosha, binti yangu. Nyingine zote ni mapambo." Wakaijengea hoja yao nzima juu yake, msingi, kuta na paa.

Asubuhi ya kesi walikaa kwenye benchi la korido ya mahakama. Bibi alikuwa amevua kiatu. Mtoto alimwegemea, amevaa sare ya shule, nywele zake upande mmoja zimesukwa vizuri sana, na upande wa pili zimefungwa tu harakaharaka kwa kamba ya kiatu. Ng'ambo ya korido alikaa baba, mwanamume mwenye mikono mikubwa asiyejua aiweke wapi, pamoja na wakili wake, kijana mwenye suti mpya aliyekuwa akipiga miayo.

Wakili alipitia karatasi zake kwa mara ya mwisho, akagundua ukurasa mmoja haupo. Printa ilikuwa na tabia ya kumeza kurasa. Si neno, akawaza, maktaba ninayo hata kwenye simu. Akaifungua. Mtandao ulivutwa kama mbuzi anayegoma. Ukurasa ulipofunguka, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa kibendera chekundu, na chini yake maneno: uamuzi huu umetenguliwa na Mahakama ya Rufani.

Aliitazama rangi ile muda mrefu. Ilikuwa nyekundu kweli.

Aliinua macho akamwangalia wakili wa baba. Kijana hakuwa na habari. Katika majibu yake hakuigusa kabisa ile hukumu. Alikuwa amejaza haki za mzazi toka mwanzo hadi mwisho. Jaji naye alikuwa na majalada mpaka kidevuni. Wakili akinyamaza tu, hukumu mfu itasimama kizimbani ikishuhudia, na huenda bibi akarudi nyumbani na mtoto wake.

"Tutashinda, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Mungu anajua, mama," wakili alisema.

Baadaye Mzee Karatasi aliwasimulia watu kwamba wakili wake ni mwaminifu kama mizani. Ukweli haukuwa mzuri kiasi hicho. Wakili aliuwaza uongo ule, akaupima, akaona kwamba uongo unataka nguvu: kuukumbuka, kuulinda, kulala nao. Nguvu hizo hakuwa nazo. Walipoitwa ndani akasimama akasema, "Mheshimiwa, kabla ya yote, hukumu niliyoitegemea imetenguliwa. Nimeona sasa hivi. Naiondoa, na naomba radhi."

Kijana wa suti akaamka kabisa.

"Ilitenguliwa kwa sababu gani?" jaji aliuliza. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini.

"Sijafika huko, Mheshimiwa. Mtandao."

Jaji alimtazama kwa huruma ya mtu ambaye naye mtandao humtesa. Akawapa muda. Wakili alisoma uamuzi wa rufani amesimama dirishani, simu ikiwa imeinuliwa juu, shingo ikimuuma. Mahakama ya Rufani haikumlaumu yule bibi wa zamani hata kidogo. Ilisema tu kwamba mtoto alikuwa na umri wa kujieleza, na hakuna mtu aliyemwuliza.

Alirudi ndani akaisoma sehemu hiyo kwa sauti. Jaji akaweka kalamu chini. Maana wao pia walikuwa wameandika kurasa na kurasa, bibi anataka hivi, baba anataka vile, na hakuna aliyemwuliza mtoto. Mtoto alikuwa nje kwenye benchi akichezea kamba ya nywele.

Jaji aliagiza aletwe ofisini mwake, na mawakili wawili peke yao wakae kando. Bibi na baba wakabaki nje.

"Nyumbani mnaishije na bibi?" jaji aliuliza.

"Vizuri," mtoto alisema. Akafikiri. "Bibi akinisuka anasinzia. Kichana kinaanguka. Mimi nakaa tu, sitikisiki, asije akaamka. Halafu shule nachelewa."

"Anakuchapa ukichelewa?"

"Nani, bibi?" Mtoto alishangaa. "Bibi hachapi. Anakohoa ndani ya shuka ili nisisikie, na mimi nasikia."

"Baba je?"

"Simjui sana. Ananiletea viatu vikubwa." Akatazama sakafu. "Lakini ana nguvu. Nikienda kwa baba, bibi atalala."

"Na wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka bibi alale."

Kijana wa suti alijifanya anatafuta kitu mkobani. Wakili hakujifanya lolote. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke, kwa maana hata kuyafuta ni kazi.

"Aliyoyasema mtoto yabaki humu," jaji aliwaambia. "Sitaki akalaumiwe nyumbani na mtu yeyote." Na alasiri akatoa uamuzi: mtoto aishi kwa baba siku za shule, na kila mwisho wa juma na kila likizo awe kwa bibi.

Korido ile ile, benchi lile lile. Bibi hakuvaa kiatu.

"Amenikataa," alisema.

"Hapana, mama. Si hivyo."

"Mmemwuliza, akasema. Alipokwisha kusema akapewa baba yake. Sasa nieleze, na mimi ni mjinga, amesema nini kama hakunikataa?"

"Jaji ametukataza kusema."

Bibi alitikisa kichwa polepole. "Haya. Si mtaandika kwenye hivyo vitabu vyenu? Vitabu vyenu si vinaandika kila kitu?"

"Wataandika," wakili alisema, kwa sababu lilikuwa jibu fupi.

Wiki zikapita. Mzee Karatasi alikwenda mwenyewe dukani akanunua wino wa rangi, akaupachika mwenyewe na kuchafua shati, na hakueleza kwa nini, wala hakuna aliyemwuliza. Tangu hapo bendera zilitoka na rangi zao, naye akawa anachapa hata visivyohitajika ili tu azione.

Siku bibi alipopanda tena zile ngazi, uamuzi wao ulikuwa umeingia maktabani. Kesi za watoto huwekwa bila majina: Bibi dhidi ya Baba, basi. Bendera ya kijani ilikuwa juu yake.

Bibi alikuwa amenenepa kidogo na kikohozi kimepungua. Alikaa, akavua kiatu kwa mazoea.

"Mtoto anakuja?" wakili aliuliza.

"Kila Ijumaa jioni baba yake anamleta. Anakula, anacheka, analala. Hana neno. Mimi ndiye mwenye neno. Namwangalia akilala, nasema, huyu ndiye aliyesimama mbele ya watu akasema hanitaki. Kumwuliza siwezi, ataona namsuta." Alisogeza kiti. "Nisomee, mwanangu. Mlisema mtaandika. Nisomee hapo mtoto anapozungumza."

Wakili alifungua ule uamuzi, akateremka nao, akapaona. *Mtoto alisikilizwa faraghani. Alieleza matakwa yake, na mahakama imeyazingatia.* Hapo hapo aya inayofuata ikaanza na mambo ya likizo. Kichana hakikuwemo. Shuka halikuwemo. Wakili akaziwaza hukumu zote alizowahi kusoma zenye sentensi hiyo hiyo, na alivyokuwa akiiruka kila mara ili afike kwenye sheria, na moyo ukamuuma.

Bibi alikuwa akisubiri, ameshika kiatu mkononi.

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi, na Mzee Karatasi yumo ndani. Wakili aliweka kidole kwenye skrini, chini ya maneno yale makavu, akaanza kusoma taratibu, kama mtu anayefuata mstari.

"'Mtoto alisema: Bibi akinisuka anasinzia. Kichana kinaanguka. Mimi nakaa tu, sitikisiki, asije akaamka.'"

Bibi aliinamia skrini.

"'Bibi hachapi. Anakohoa ndani ya shuka ili nisisikie, na mimi nasikia. Nikienda kwa baba, bibi atalala. Jaji akamwuliza, wewe unataka nini? Mtoto akajibu: Nataka bibi alale.'"

Chini, dukani, mtu alikuwa akikata kioo. Bibi alilia bila sauti, mabega tu yakitikisika, mpaka alipotosheka. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa, mama."

"Na shuka kaandika?"

"Limo."

"Nilidhani hasikii," bibi alisema. Akajifunga kanga vizuri. "Basi nitolee karatasi yake. Mtoto akija Ijumaa atanisomea, siku hizi anasoma vizuri."

Wakili aliangalia printa. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka, na pembeni yake karatasi za Mzee Karatasi za asubuhi hiyo bado zimelala, zina bendera zao nyekundu na kijani, wino umekolea.

"Wino umekwisha, mama," alisema.

Kiti kilisogea chumba cha pili. Mzee Karatasi alitokea mlangoni, akaitazama printa yake, akamtazama bibi, akamtazama wakili. Akakohoa.

"Umekwisha kabisa," alisema. "Hata tone." Akazichukua zile karatasi, akazigeuza uso chini, akarudi alikotoka.

Bibi alivaa kiatu, akasimama, halafu akakaa tena.

"Basi nirudie hapo pa kichana," alisema. "Niende nacho kichwani."

Wakili akaweka kidole pale pale kwenye skrini, akamrudia.